Kazi Frankfurt, Nyumba Mainz: Tulivyochagua pa Kuishi na Watoto

Kazi yangu iko Frankfurt, lakini tunaishi Mainz, ng'ambo ya mto Rhine. Kila anayejiandaa kuhamia Ujerumani na familia huniuliza kwa nini tulijitwisha safari ya treni ya kila siku wakati tungeweza kupanga karibu na ofisi. Jibu lake ni refu, na sehemu kubwa haihusu treni hata kidogo. Frankfurt iko jimbo la Hessen. Mainz ni makao makuu ya jimbo la Rheinland-Pfalz. Kati ya miji hiyo miwili kuna kama kilomita 40, na treni ya S8 huchukua takriban dakika 40, ikipitia uwanja wa ndege. Lakini ukishavuka mto umebadilisha ada za chekechea, tarehe inayoamua mtoto ameshafika umri wa kuanza darasa la kwanza au bado, ofisi itakayopima cheti cha ualimu cha mwenzi wako, na hata sikukuu. Tarehe 1 Novemba watoto wa Mainz wanakaa nyumbani kwa Sikukuu ya Watakatifu Wote, na mimi nakwenda kazini kwa sababu kule Hessen ni siku ya kazi kama nyingine. Ujerumani ina majimbo 16, na elimu imewekwa mikononi mwa majimbo. Asiyelijua hilo mapema atachagua nyumba kwa kutazama picha na umbali wa ofisi, na mambo mazito kuhusu wanawe yatakuwa yameshaamuliwa na anwani.

Naandika kwa ajili ya wale ambao mkataba wa kazi umeshafika, na sasa jioni, watoto wakilala, mume na mke wanainamia simu wakipekua ramani ya mji ambao hawajawahi kuukanyaga. Mimi ni mhandisi wa mifumo ya kompyuta. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Tulikuja na binti wa miaka minane na mdogo wake wa kiume aliyekuwa anakaribia kutimiza sita.

Ninalotaka kulisema ni moja, na nalisema kwa nguvu zote: pa kuishi pachaguliwe kwa kutazama siku ya yule asiye na kazi huko mnakokwenda. Mwenye kazi ameshapokelewa kabla hajafika. Wiki yangu ya kwanza nilikuwa na dawati, kadi ya mlangoni, wenzangu wanaozungumza Kiingereza, na afisa rasilimali watu wa kumuuliza chochote. Mume wangu, ambaye alizoea kuamkiwa tangu getini, "Shikamoo, mwalimu," alibaki na funguo za nyumba, watoto wawili na lugha asiyoijua hata neno. Mimi nikikwama, ofisi nzima ilinisaidia. Yeye akikwama alikuwa na mtaa tu. Kwa hiyo mtaa ulipaswa kuwa mzuri kwake kwanza, na mimi nifuate.

Kabla ya kuja tulikaa tukaandika Jumanne yake. Jumanne ya kawaida, isiyo na mgeni wala sherehe, saa baada ya saa. Atoke na watoto saa moja na nusu asubuhi. Saa mbili mmoja awe darasani. Saa tatu yeye mwenyewe awe kwenye kozi ya lugha. Halafu tukagundua jambo ambalo ramani haikuonyesha: shule nyingi za msingi huku humaliza masomo kati ya saa sita na saa saba mchana, na kozi ya lugha ya asubuhi humaliza wakati huohuo. Nani angempokea mtoto? Hapo tukaelewa kwamba hatutafuti nyumba tu. Tunatafuta shule yenye programu ya mchana, chakula na uangalizi hadi saa kumi jioni, na nyumba inayoweza kufikiwa kwa miguu kutoka hapo, na kozi ya lugha iliyo kwenye njia ya tramu au basi moja. Ndipo orodha ya mitaa ilipopungua sana, na ndipo uchaguzi ulipoanza kuwa rahisi. (Serikali imepitisha sheria inayowapa watoto wa shule ya msingi haki ya uangalizi wa siku nzima, ikianza na wa darasa la kwanza mwaka wa masomo 2026/27 na kupanda darasa moja kila mwaka. Hata hivyo ulizeni shule yenyewe. Haki iliyoandikwa na nafasi iliyopo ni vitu viwili.)

Mdogo ndiye aliyetuvukisha mto. Amezaliwa Julai. Hessen wanasema mtoto aliyetimiza miaka sita kufikia tarehe 30 Juni lazima aanze shule mwaka huo. Aliyezaliwa baada ya hapo huanza kama wazazi wakiomba na shule ikikubali. Rheinland-Pfalz mpaka wao ni 31 Agosti. Mtoto yuleyule, mwaka uleule, upande mmoja wa mto ni mwanafunzi wa lazima na upande wa pili bado ni wa chekechea. Mimi moyo wangu ulielekea chekechea. Nilifikiri mwaka mmoja wa kucheza ungempa lugha bila shinikizo. Mume wangu ndiye aliyenigeuza, akizungumza kama mwalimu: "Mama, nafasi ya chekechea utaiomba, nafasi ya shule watakutafuta wao wakupe." Na ni kweli. Tangu Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya nafasi ya malezi ya mchana, lakini katika miji mikubwa wazazi wengi bado husubiri miezi mingi. Shule ni tofauti. Kusoma shuleni ni lazima, kumfundishia mtoto nyumbani hakuruhusiwi, na kwa sababu hiyo shule ya msingi ya eneo lako haina namna ya kukuambia imejaa urudi mwakani. Kwa familia inayoingia katikati ya mwaka, bila jamaa wa kubaki na mtoto, uhakika huo ulikuwa na thamani kuliko mwaka wa kucheza.

Mwenye watoto wadogo zaidi apige hesabu nyingine. Rheinland-Pfalz chekechea haina ada tangu mtoto anapotimiza miaka miwili. Hessen, tangu Agosti 2018, watoto wa miaka mitatu hadi umri wa shule wana saa sita za bure kwa siku, na saa za ziada mzazi hulipia. Chini ya miaka mitatu ada hutegemea mji. Chakula cha mchana hulipiwa kando pande zote mbili. Familia yenye mtoto wa miaka miwili na nusu itaona tofauti hiyo kila mwezi, na wakati mwingine ndiyo inayofidia nauli yote ya treni.

Kuhusu binti, jambo lilikuwa zito zaidi, na hapa naomba wazazi wasome taratibu. Katika majimbo mengi ya Ujerumani shule ya msingi ina madarasa manne tu. Baada ya darasa la nne watoto hutawanywa: wengine huenda Gymnasium, shule inayompeleka mtoto moja kwa moja kwenye mtihani wa kuingia chuo kikuu, na wengine huenda shule za aina nyingine. Berlin na Brandenburg husubiri hadi darasa la sita. Binti yetu alikuwa anaingia darasa la tatu bila Kijerumani. Alikuwa na chini ya miaka miwili kabla ya mgawanyo. Fikiria mtoto hodari wa hesabu anayepimwa kwa lugha aliyoianza juzi.

Basi tukauliza kila jimbo lililokuwa na nafasi ya kazi kwa mtu wa fani yangu: nani mwenye neno la mwisho, mwalimu au mzazi? Kule Bayern, ambako kuna kazi nyingi za fani yangu mjini München, anayetoka shule ya serikali huhitaji wastani wa alama usiozidi 2.33 katika Kijerumani, hesabu na maarifa ya jamii na mazingira ili aingie Gymnasium bila mtihani wa majaribio. Kwa mfumo wao alama ndogo ndiyo bora. Hessen na Rheinland-Pfalz shule hutoa pendekezo, lakini mzazi ndiye anayechagua. Zaidi ya hapo, Rheinland-Pfalz madarasa ya tano na sita ni kipindi cha kumwangalia mtoto, na pia zipo shule za pamoja ambamo watoto wa viwango vyote huendelea kusoma chini ya paa moja, na uamuzi wa mtihani wa chuo kikuu huja baadaye sana. Tulitafuta mtaa ambao shule ya namna hiyo iko karibu. Kwa mtoto mgeni, muda ndio dawa, na mfumo unaompa muda unafaa kulipiwa kwa dakika 40 za mama yake ndani ya treni.

Kuna watakaosema: si mpeleke shule ya kimataifa, afundishwe kwa Kiingereza? Eneo la Frankfurt zinapatikana, na ada zake ni kubwa sana kwa mshahara wa kawaida. Maoni yangu ni haya. Mnakuja kwa mkataba wa miaka miwili na mnajua mtaondoka, na mwajiri analipa ada, mpelekeni huko. Mnakuja kukaa, mpelekeni shule ya mtaa tangu siku ya kwanza, ajue majina ya watoto wa jengo lenu, aalikwe sikukuu zao za kuzaliwa. Nimeona watoto waliokaa nje ya lugha ya mtaa kwa miaka, na wazazi wao wakawa wanaishi kama abiria waliokaa sebule ya kusubiria ndege.

Baada ya kuamua mji, kazi ya mtaa ikaanza. Shule za msingi za serikali huku zina mipaka yake: mtaa huu ni wa shule hii, mtaa unaofuata ni wa shule ile. Anwani ndiyo inayompangia mtoto shule. Kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba wowote wa upangaji, andika barua pepe ofisi ya shule ya mji, taja jina la mtaa na namba ya nyumba, uliza ni shule ipi na kama ina uangalizi wa mchana. Mume wangu alipiga pia simu shuleni kwenyewe, akauliza wana watoto wangapi wasiojua Kijerumani na wanawafundishaje. Hakuna aliyekereka. Mwalimu mkuu mmoja alizungumza naye muda mrefu kuhusu masomo ya ziada ya lugha, na hapo ndipo watoto wetu wanaposoma.

Angalieni pia jina la eneo. Mtu akitafuta nyumba Mainz ataletewa Mainz-Kastel, Mainz-Kostheim na Mainz-Amöneburg, na atafikiri ni vitongoji vya Mainz. Viko ng'ambo ya mto, na tangu 1945 viko chini ya mji wa Wiesbaden, makao makuu ya Hessen, kwa sababu baada ya vita Wafaransa walishika ukingo wa kushoto na Wamarekani ukingo wa kulia, na mpaka huo ukabaki. Majina yakabaki ya Mainz, sheria zikawa za Hessen. Ni maeneo mazuri na daraja la Theodor Heuss linavukwa kwa miguu, ila anayevutwa na chekechea isiyo na ada ajue kwamba huko hataipata.

Halafu ndege. Uwanja wa Frankfurt ni mkubwa kuliko yote Ujerumani, na mji wa Mainz uko upande wake wa magharibi. Ndege hutua zikiukabili upepo. Upepo ukitoka magharibi, zinaingia kutoka mashariki, juu ya Offenbach na kusini mwa Frankfurt. Upepo ukitoka mashariki, zinaingia kutoka magharibi, juu ya Flörsheim na sehemu za kusini za Mainz. Maana yake ni kwamba unaweza kwenda kutazama nyumba siku tulivu kabisa, ukasikia ndege wa mitini tu, ukasaini, na wiki inayofuata upepo ukageuka. Tangu 2011, mwaka ilipofunguliwa njia mpya ya kutulia ndege upande wa kaskazini-magharibi, safari zilizopangwa haziruhusiwi kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri. Ni nafuu kubwa, lakini mtoto mdogo hulala kabla ya saa tano. Tuliuliza majirani kwenye ngazi za kila jengo swali moja: siku za upepo wa mashariki hapa pakoje? Watu wa eneo hili wanaujua upepo kwa sababu hiyo, nao hujibu bila kusita.

Jua nalo lina mambo yake, na kwa sisi tuliotoka karibu na ikweta ni somo jipya. Mwishoni mwa Desemba jua la hapa huchomoza kama saa mbili na dakika ishirini asubuhi na kuzama kama saa kumi na dakika ishirini na tano alasiri, na siku nzima hupita chini chini upande wa kusini. Nyumba ambayo madirisha yake yote yanatazama kaskazini haitapata mwali mmoja majira hayo. Mimi nilikuwa naondoka gizani na kurudi gizani, lakini kuna mwanga wa kutosha ofisini na watu wa kuzungumza nao. Anayeshinda nyumbani akijifunza minyambuliko ya vitenzi mezani anahitaji dirisha la kusini kuliko anavyohitaji chumba cha ziada. Tulichukua nyumba ndogo kidogo yenye sebule inayotazama kusini, ghorofa ya tatu, juu ya vivuli vya majengo jirani. Mume wangu huiita sebule hiyo ofisi yake.

Upangaji wenyewe nitaupitia haraka, maana taratibu zake zinapatikana kirahisi. Vyumba huhesabiwa pamoja na sebule, hivyo nyumba ya vyumba vitatu ni sebule na vyumba viwili vya kulala. Jiko na bafu havihesabiwi. Nyumba nyingi hukabidhiwa bila jiko, yaani kuta na mabomba tu, na mpangaji huleta makabati, sinki na jiko lenyewe. Kodi hutangazwa kwa namna mbili, ya nyumba peke yake na ile iliyojumlisha joto na huduma. Linganisha za aina moja. Dhamana haiwezi kuzidi kodi ya miezi mitatu ya nyumba peke yake, na sheria inamruhusu mpangaji kuilipa kwa mafungu matatu. Tangu Juni 2015 dalali wa nyumba ya kupanga hulipwa na aliyemtuma, na mara nyingi huyo ni mwenye nyumba. Na yeyote anayekutaka utume dhamana kabla hujaingia ndani ya nyumba, au anayesema yuko safarini na atakutumia funguo kwa posta, achana naye siku hiyohiyo.

Jambo moja la upangaji sitaliharakisha. Fikieni kwanza nyumba ya muda yenye samani, na hakikisheni kwa maandishi kwamba mwenye nyumba atawapa karatasi ya kuthibitisha mnakaa kwake. Sheria inataka mjiandikishe ofisi ya mji ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia, na tangu Novemba 2015 hamwezi kuandikishwa bila karatasi hiyo. Kujiandikisha ndiko kunakoleta namba ya kodi ya mapato kwa posta. Mwajiri asipokuwa na namba hiyo anaweza kulazimika kukata kodi kwa daraja la sita, ambalo makato yake ni makubwa kuliko yote. Benki, bima, shule, vyote huuliza karatasi ya uandikishaji. Nyumba ya likizo isiyoruhusu kuandikisha, hata ikiwa nzuri na ya bei nafuu, haiwafai. Na iwe katika mji uleule mnaokusudia kuishi, ikiwezekana katika mipaka ya shule ileile, mtoto asianze shule mara mbili ndani ya miezi michache. Sisi tuliishi kwenye vyumba vya muda mitaa miwili tu kutoka hapa tulipo, na binti hakubadilisha dawati.

Nyaraka: vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vilivyotafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa, ripoti za shule za miaka ya karibuni, na kadi za kliniki za watoto. Msizitupe kadi hizo kwa kuwa watoto wamekua. Tangu 1 Machi 2020 kila mtoto anayeingia chekechea au shule lazima aonyeshe ushahidi wa chanjo ya surua, dozi mbili kwa aliyetimiza miaka miwili. Sisi kadi zilisafiri kwenye mkoba wangu wa mkononi.

Kuhusu fedha, mshahara ule ule huishi maisha tofauti kutegemea familia iko nyumbani au imekuja. Bima ya afya ya umma humchukua mwenzi asiye na kipato na watoto bila mchango wa ziada. Posho ya mtoto, euro 255 kwa kila mtoto kwa mwezi mwaka 2025, huombwa kwa maandishi na hailipwi nyuma zaidi ya miezi sita tangu maombi yafike, kwa hiyo jazeni fomu mapema. Wanandoa wanaweza kuomba mchanganyiko wa madaraja ya kodi unaompunguzia makato mwenye kipato kikubwa. Kila kaya hulipa euro 18.36 kwa mwezi za utangazaji wa umma, mna televisheni au hamna. Na tiketi ya mwezi ya nchi nzima, iliyoanza Mei 2023 kwa euro 49 na kufika 58 mwaka 2025, inatumika kwenye treni za mikoa, tramu na mabasi yote, ingawa haitumiki kwenye treni za kasi. Tiketi hiyo ndiyo iliyofanya kuishi Mainz na kufanya kazi Frankfurt kuwe jambo la kawaida: nalipa bei moja nikiishi mbali au karibu.

Narudi kwa mwenzi, maana hapo ndipo nimeona familia zikiyumba. Mimi nilikuja kwa Kadi ya Buluu ya Umoja wa Ulaya, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi kwa wataalamu. Mwenzi wa mwenye kadi hiyo hadaiwi cheti cha Kijerumani kabla ya kuja, na akishapewa kibali anaruhusiwa kufanya kazi yoyote. Wengi husikia hivyo wakaona kozi ya lugha inaweza kusubiri. Nami nasema isisubiri hata mwezi mmoja. Kozi ya serikali ya kuwajumuisha wageni ina vipindi 600 vya lugha na vipindi 100 kuhusu sheria, historia na maisha ya nchi, na kwa mtu mzima ndiyo mahali pa kwanza pa kupata marafiki wake mwenyewe, wasiokuja kwa mlango wa mke au mume. Mume wangu alikaa na mfamasia, fundi umeme na mama aliyekuwa na mgahawa kwao. Hao ndio walioujua mji: daktari wa watoto anayepokea wagonjwa wapya, klabu ya mpira inayochukua watoto wa umri wetu, ofisi inayojibu simu. Taarifa nyingi nilizozitumia hapa zilitoka kwake, na yeye alizipata darasani.

Ualimu ni kati ya kazi zinazohitaji kutambuliwa rasmi, na utambuzi hufanywa na jimbo. Wanapima masomo aliyosomea na kuyalinganisha na ya walimu wao, halafu wanadai lugha ya kiwango cha juu. Hilo nalo tuliliuliza kabla ya kuchagua ukingo wa mto, kwa sababu jimbo mnaloanzia maisha ndilo ambalo mwenzi atalipelekea makaratasi yake. Sasa hivi anajiandaa kwa mtihani wa Kijerumani wa C1, kiwango cha juu cha lugha, na mchana anawasaidia watoto hesabu shuleni. Wanamwita kwa jina lake la ukoo, na akiingia darasani wananyamaza.

Kwa wanaojadiliana na mwajiri wiki hii, ombeni mambo haya kabla ya kusaini, wakati bado mnahitajika: nyumba ya muda ya angalau miezi mitatu inayoruhusu kuandikisha makazi, siku mbili za kufanyia kazi nyumbani, ziandikwe ndani ya mkataba, maana ndizo zinazowapa uhuru wa kuchagua mji kwa ajili ya watoto, gharama za tafsiri za vyeti, kozi ya lugha ya mwenzi, hata ya mtandaoni, ianze miezi kadhaa kabla ya ndege, na tarehe ya kuanza kazi iliyo mbali kidogo na tarehe ya kufika. Tarehe hiyo waajiri huikubali kwa urahisi kuliko nyongeza ya mshahara. Sisi tuliomba majuma matatu, tukapewa, na katika majuma hayo nilikwenda na mume wangu kila ofisi na kila shule, tukiwa wawili.